Maswali ya Wasomaji: Joto Ndani ya Gari la Kale Bila Kutoboa Bodi

SWALI: Nina gari dogo la milango minne lililotengenezwa mwaka 1953, lenye injini ya silinda nne inayopozwa kwa maji, umeme wa volti 12 na dainamo. Liliuzwa bila hita, na bodi yake haijawahi kukatwa wala kuchomelewa. Majira ya baridi mke wangu husafiri amejifunika blanketi, na kioo cha mbele huingia ukungu hata nikalazimika kukifuta kwa kitambaa huku naendesha. Fundi ameniambia kazi ni nyepesi: atatoboa matundu mawili kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, apitishe mipira ya maji, kisha afunge hita chini ya dashibodi. Sitaki litobolewe. Rafiki yangu naye ananishauri ninunue hita ya umeme inayochomekwa kwenye soketi. Je, ipo njia nyingine?

JIBU: Ipo, na umefanya vyema kumzuia fundi kabla hajashika keekee. Bati likishatobolewa halirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani. Hata tundu likizibwa kwa kuchomelewa, moto wa kuchomelea hulikunja bati na kuunguza rangi ya awali pande zote mbili, na pale kwenye mshono ndipo kutu hupendelea kuanzia. Wapo wanaosema kwamba tundu lililofichwa nyuma ya dashibodi halina madhara kwa kuwa halionekani. Siafikiani nao hata kidogo. Gari lililofikisha miaka 70 bila kukatwa ni ushahidi wa namna lilivyoundwa, na ushahidi huo umo kwenye bati lililofichika sawasawa na ulivyo kwenye bati linaloonekana.

Tuanze na hita ya umeme, kwa kuwa huwavutia wengi na kuwakatisha tamaa karibu wote. Dainamo ya gari la umri huo hutoa takriban amperi 20 injini inapozunguka kwa kasi. Kwa volti 12, hizo ni wati zipatazo 250, nazo lazima zitoshe taa, mfumo wa kuwasha injini, vifuta kioo na kuchaji betri. Hita ya wati 150 hula amperi 12 na nusu, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wote, na joto lake halitoshi hata kukausha kioo kizima. Maji ya injini, kwa upande wake, hubeba joto linalokaribiana na nguvu yenyewe inayozungusha magurudumu, na hita ya maji ya kawaida huchota humo kilowati 3 au 4 ambazo zingetupwa hewani kupitia rejeta. Umeme unafaa mahali pamoja tu, napo ni kwenye pedi za kupasha viti, zinazotumia wati 40 hivi kila moja, kwa sababu joto lake linamgusa mtu moja kwa moja badala ya kupotelea hewani. Pedi moja kwenye kiti cha mke wako itamfaa kuliko hita yoyote ya soketi.

Kabla hujanunua chochote, hata hivyo, zuia upepo unaoingia. Usiku, ingia garini, funga milango, kisha mwombe mtu apitishe tochi ndani ya boneti na baadaye chini ya sakafu. Kila mwanya utauona unang'aa: kando ya pedali, kwenye mpira mkavu unaozunguka nguzo ya usukani, mahali unapopita waya wa spidomita, pembeni mwa kifuniko cha giaboksi. Mianya hiyo huingiza baridi, na huingiza pia moshi wa injini, kwa hiyo kuiziba ni suala la usalama pamoja na starehe. Badilisha mipira ya matundu iliyokauka, weka mipira mipya ya milango, na utandike nguo nene ya manyoya iliyoshindiliwa chini ya zulia bila kuigandisha kwa gundi, ili iweze kuinuliwa na kukaushwa ikilowa. Nimeona magari ambayo baada ya hatua hii peke yake wenyewe waliahirisha habari ya hita.

Tukija kwenye hita yenyewe, swali la kwanza ni maji yatatoka wapi na yatarudi wapi. Maji ya moto huchukuliwa kutoka kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, au kwenye nyumba ya thamostati (kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto), mahali ambapo msukumo wa pampu ni mkubwa, na hurudishwa upande wa pampu unaofyonza, ambao kwa kawaida ni mpira wa chini wa rejeta. Chunguza silinda hedi yako kwa makini. Katika miaka hiyo watengenezaji wengi waliuza hita kama kifaa cha ziada, kwa hiyo hedi zilitoka kiwandani zikiwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha skrubu au kwa kibati kidogo chenye bolti mbili. Kizibo hicho kikifunguliwa, kiungo cha bomba huingia palepale, na hakuna chuma kilichoguswa. Kama tundu halipo, kata mpira wa juu wa rejeta na uweke kiungo cha T katikati, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye mpira wa chini. Mpira ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kuukata si kuliharibu gari.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lako, yaani jinsi ya kuivusha mipira hadi ndani. Hapa pia tafuta kwanza kazi aliyokwisha kuifanya mtengenezaji. Ondoa zulia na ubao wa kuzuia kelele ulioshikizwa kwenye ukuta wa bati, kisha upapase kwa mkono: mara nyingi utakuta vibati vya mviringo vilivyobanwa kwenye matundu ambayo yalikusudiwa hita, au usukani wa upande wa pili katika magari yaliyouzwa nchi nyingine. Kibati kimoja kikitolewa taratibu kwa bisibisi pana iliyofungwa kitambaa, tundu linabaki wazi, na mpira laini wa kuzuia mkwaruzo unaingia mahali pake.

Usipokuta kitu, usikate tamaa, maana bado kuna sakafu. Magari mengi ya kipindi hicho yana bamba la kufunika giaboksi lililofungwa kwa skrubu, na mengine yana mbao za sakafu zinazong'olewa kabisa. Mwombe fundi wa bati atengeneze nakala ya bamba hilo, au seremala akate ubao mwingine kwa kufuata ule wa asili. Toboa nakala, ifunge garini, na bamba la asili ulipake mafuta, ulifunge kwa karatasi na kulihifadhi mahali pakavu. Mipira itashuka kutoka kwenye injini, ifuate ubavu wa chasisi, kisha ipande kupitia bamba la nakala. Iweke mbali na bomba la ekzosi kadiri inavyowezekana, na pale ambapo haiwezekani iwekee kinga ya bati. Vishikizo vyake vifungwe kwenye bolti zilizopo tayari. Njia hii ni ndefu kuliko ile ya fundi wako, na maji hupoteza joto kidogo yakiwa njiani, lakini mipira ikivishwa ganda la sifongo hasara hiyo haitakusumbua.

Hita ikijaa maji huwa na uzito wa kilo kadhaa, kwa hiyo haiwezi kuning'inia kwenye waya. Tengeneza fremu ndogo ya chuma bapa inayoshikwa na bolti ambazo tayari zinashikilia kitu kingine, kama zile za kishubaka cha chini ya dashibodi au za reli za kiti cha mbele. Mimi hupendelea hita ikae chini, karibu na miguu ya abiria au chini ya kiti. Joto hupanda lenyewe, na hita ikiwa chini ya usawa wa maji ya rejeta haikusanyi hewa. Kwa ajili ya kioo, chukua mpira mwembamba wa hewa kutoka kwenye mdomo mmoja wa hita na uupeleke juu ya dashibodi, ambako utaishia kwenye mdomo bapa uliobanwa kwa klipu yenye ngozi ili usikwaruze rangi. Ukungu unatokana na pumzi zenu, kwa hiyo fungua dirisha kiasi cha upana wa kidole. Hewa kavu ya nje ikipashwa moto hukausha kioo haraka kuliko hewa ileile ya ndani inayozungushwa.

Usisahau koki mbili, moja kila upande wa hita, zikiwa mahali unapoweza kuzifikia ukifungua boneti. Hita ikivuja safarini utazifunga na kuendelea na safari.

Siku ya kujaza maji ndiyo siku ambayo wengi hudhani wamenunua hita mbovu. Jaza rejeta injini ikiwa baridi, fungua koki zote mbili, washa injini bila kufunga kifuniko, kisha legeza klipu ya mpira wa juu wa hita. Utasikia hewa ikitoka kwa mlio wa kuzomea, halafu maji yenye mapovu, halafu maji matupu. Hapo kaza klipu. Gusa mipira yote miwili. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni baridi kabisa, bado hewa imenaswa, na itabidi urudie. Kwa kuwa mfumo sasa unabeba maji zaidi, ongeza na dawa ya kuzuia kuganda kwa uwiano uleule. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na ethilini glikoli hulinda hadi takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Chagua dawa ya aina ya zamani yenye silikati, kwa kuwa dawa mpya zinazotegemea asidi za kikaboni hazielewani vizuri na risasi iliyounganishia rejeta za shaba.

Mwisho ni waya za feni. Feni ya hita hula amperi 3 hadi 5, kwa hiyo ipewe fyuzi yake na waya wake, isipachikwe kwenye waya wa taa. Angalia pia kama gari lako ni miongoni mwa yale ambayo ncha chanya ya betri imeungwa kwenye chasisi, kama ilivyokuwa kwa magari mengi ya Uingereza ya wakati huo. Feni ya kisasa isiyo na brashi ikiunganishwa kinyume inaweza kuungua papo hapo. Ile yenye brashi itazunguka kinyume, na kama ni ya aina ya ngoma itaendelea kupuliza upande uleule lakini kwa unyonge, nawe utailaumu hita bila sababu. Geuza waya zake mbili, na uhakikishe kuwa ganda la mota halijaungwa ndani kwa ndani na waya mmojawapo.

SWALI: Gari langu ni la miaka ya 1920, halina pampu ya maji, na umeme wake ni wa volti 6. Nilifunga hita ndogo kati ya mpira wa juu na wa chini wa rejeta, lakini inapuliza hewa baridi. Kosa liko wapi?

JIBU: Huenda hakuna kosa katika ufungaji wako. Katika magari ya namna hiyo, kama Austin 7 na karibu Ford Model T zote, maji huzunguka kwa sababu moja tu: yale ya moto ni mepesi na hupanda, na yale yaliyopoa kwenye rejeta ni mazito na hushuka. Msukumo unaopatikana ni mdogo mno, sawa na uzito wa maji ya kina cha milimita chache. Huo unatosha kwa mipira mipana ya rejeta, lakini hauwezi kuyasukuma maji kupita kwenye mirija myembamba ya hita.

Dawa yake ni pampu ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye njia ya hita peke yake, si kwenye njia kuu ya maji. Iwe ndogo kwelikweli. Lita 3 kwa dakika, zikipoa nyuzi 10 ndani ya hita, zinaacha kilowati 2 za joto, nazo ni nyingi kwa gari dogo. Pampu kubwa inaweza kuushinda mzunguko wa asili na kuyarudisha maji kinyumenyume ndani ya rejeta, na hapo injini itachemka. Kuhusu volti, feni na pampu za volti 12 zikipewa volti 6 huzunguka kivivu. Tumia kibadilishi cha kupandisha volti, ukikumbuka kwamba kifaa cha amperi 3 kwa volti 12 kitaidai betri yako amperi 6 na zaidi kidogo. Pima dainamo yako kwanza, na ukiendesha usiku zima hita mara unapoona mshale wa amita umeingia upande wa kupoteza.

SWALI: Nimepata vifaa viwili halisi vya zamani: ganda la chuma linalofunika manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na kupeleka hewa ya moto ndani, na hita inayochoma petroli. Kwa kuwa vyote ni vya enzi za gari langu, je, si bora kuliko kuweka hita ya maji?

JIBU: Kwa uhalisi, ndiyo. Kwa usalama, hapana, na katika jambo hili usalama lazima utangulie. Ganda la manifodi lilitumika sana kwenye Ford Model A, na ni kweli kwamba linatoa joto dakika chache tu baada ya injini kuwaka. Lakini hewa utakayoivuta imepita juu ya chuma cha kuyeyushwa chenye umri wa karibu karne moja. Gasketi ikipitisha moshi, au ufa mwembamba kama unywele ukitokea, kaboni monoksidi itaingia moja kwa moja miguuni pako. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, na dereva anayesinzia hajui kwamba ana sumu mwilini. Ukiamua kulitumia licha ya hayo, manifodi ing'olewe na kupimwa nyufa, gasketi ziwe mpya, na kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri iwe ndani ya gari kila unapowasha injini.

Hita ya petroli sikushauri uiwashe kabisa. Zile za South Wind zilizotengenezwa na Stewart-Warner zilivuta mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka kwenye kabureta, zikauchoma ndani ya chumba kilichofungwa, kisha moshi wake ukafyonzwa na injini. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini usalama wake wote unategemea chumba hicho kisiwe na tundu hata moja, nawe huwezi kuliona tundu hilo kwa macho. Ifunge mahali pake, ziba kabisa bomba lake la petroli, iache ipendezeshe gari, na joto lako lipate kwenye maji.

SWALI: Nina Volkswagen ya injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Hita ipo lakini joto halifiki mbele. Niongeze hita gani?

JIBU: Usiongeze yoyote kwanza. Joto la gari hilo husafiri kutoka kwenye vibadilisha joto vya ekzosi, hupita ndani ya kingo za chini ya milango, hadi mbele. Kagua mipira mikubwa ya karatasi na bati kule kwenye injini, ambayo mara nyingi huwa imechanika au haipo; kagua waya wa kufungulia vibamba vya joto, ambao hukwama kwa kutu; kisha kagua kingo zenyewe, maana zikioza joto humwagika barabarani. Vibadilisha joto vyenye vitobo vibadilishwe bila kusubiri, kwa sababu ileile ya sumu niliyomweleza msomaji aliyetangulia.

SWALI: Je, hita ya ziada itashusha hadhi ya gari langu mbele ya wakaguzi wa magari ya kale?

JIBU: Inategemea mashindano na kanuni zake, lakini msimamo wa kimataifa uko wazi. Mkataba wa Turin wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, unakubali marekebisho yanayolazimishwa na matumizi, ilimradi yasiingilie muundo na mwonekano wa gari, yaweze kuondolewa, na sehemu za asili zilizotolewa zitunzwe pamoja na gari. Kwa hiyo piga picha kabla na baada ya kazi, tia kila kizibo, kibati na bolti kwenye mfuko wenye maelezo, na uviweke pamoja na hati za gari.

SWALI: Hita yangu ya maji imefungwa vizuri na haina hewa, lakini joto lake ni vuguvugu tu hata baada ya mwendo mrefu.

JIBU: Tazama kipimo cha joto la injini kabla ya kuilaumu hita. Magari mengi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hayakuwa na thamostati, na katika mengine yaliyokuwa nayo iling'olewa zamani na mtu aliyeogopa injini kuchemka. Injini ya namna hiyo siku ya baridi huishi kwenye nyuzi 50 au 60, na hita haiwezi kutoa joto isilopewa. Hali hiyo pia huichakaza injini mapema, kwa kuwa petroli isiyoungua huchuruzika na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Ikiwa nyumba ya thamostati ipo, weka mpya ya nyuzi 82, au ya nyuzi 71 kama mfumo wako hauna kifuniko cha shinikizo. Kama haipo, kuna thamostati zinazokaa ndani ya mpira wa juu wa rejeta. Chagua yenye kitundu kidogo cha kupitishia hewa, na hakikisha maji ya hita yanachukuliwa kabla hayajaifikia, ili injini iwe na njia ya kuzungusha maji thamostati ikiwa imefunga. Ukikosa zote mbili, funika theluthi moja ya rejeta kwa kipande cha ubao mwembamba kilichoshikizwa nyuma ya grili kwa klipu, ukianzia chini, na uendelee kukiangalia kipimo. Kikipita nyuzi 90, simama na ukitoe kipande hicho.